Wamejificha wasiuawe, halafu wananuniana kwa ajili ya shuka: nimjibu nini mwanafunzi wangu?

Mwalimu_Chaki

Wakuu, salaam kwenu. Nafundisha historia kwenye sekondari moja ya kata mkoani Morogoro. Juzi kidato cha nne tulikuwa kwenye Vita Kuu ya Pili, na kama kawaida yangu nikakiweka kitabu pembeni nikawasimulia habari za Wayahudi waliojificha Amsterdam. Hapo huwa wananisikiliza vizuri, kwa sababu Anne Frank, binti wa Kiyahudi aliyeandika shajara humo mafichoni, alikuwa rika lao. Nilipofika kwenye ugomvi wa ndani ya maficho, binti mmoja anayekaa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, watu wanatafutwa wauawe, halafu wananuniana kwa ajili ya shuka?"

Darasa likacheka. Nikamjibu harakaharaka kwamba binadamu ndivyo alivyo, kengele ikalia. Tangu siku hiyo jibu lile linanisumbua, maana halikuwa jibu. Nataka nirudi darasani na kitu cha maana, na nawaomba mnisaidie kufikiri.

Kwa wasiojua, habari yenyewe ni hii. Ujerumani iliivamia Uholanzi Mei 1940. Amri zikaanza kuwaangukia Wayahudi moja baada ya nyingine: wasiende sinema, wasipande tramu, baiskeli wazisalimishe, na kuanzia Mei 1942 wavae nyota ya njano kifuani. Otto Frank, mfanyabiashara aliyehama Ujerumani mwaka 1933 Hitler alipoingia madarakani, alikuwa na ofisi Prinsengracht namba 263, akiuza vitu vya kugandishia jamu na viungo vya soseji. Nyuma ya jengo kulikuwa na vyumba ambavyo mpita njia hawezi kuviona. Akaanza kuvitayarisha kimyakimya. Tarehe 5 Julai 1942 binti yake mkubwa, Margot, dada yake Anne, miaka 16, akaletewa barua ya wito wa kwenda kufanyishwa kazi Ujerumani. Kesho yake asubuhi, mvua inanyesha, baba, mama na mabinti wawili wakaingia mafichoni. Walivaa nguo juu ya nguo, kwani Myahudi kuonekana na sanduku njiani kulikuwa kujitafutia balaa.

Wiki moja baadaye ikaja familia ya Hermann van Pels, mtaalamu wa viungo wa kampuni hiyo, na mkewe Auguste na mtoto wao Peter. Novemba akaongezwa Fritz Pfeffer, daktari wa meno. Jumla watu 8, kwa miezi 25.

Waholanzi wana neno la watu wa namna hii: *onderduikers*, yaani waliopiga mbizi. Sisi tungesema wamezamia. Lakini mzamiaji wa kwetu anajua meli ina bandari inakoelekea. Hawa hawakujua kama kuna bandari.

Sasa shuka. Mwanzoni akina mama wawili waliweka shuka zao zote kabati moja, za wote. Miezi miwili haijafika, Auguste akaona shuka za Edith Frank, mama yake Anne, zitawatosha wote, akaziondoa za kwake akaacha tatu tu. Edith alipogundua hakusema neno, akaenda naye akaondoa za kwake. Vyombo vya kulia nako ikawa vilevile. Vilivyokuwa vikitumika ni vya Auguste, vya akina Frank vimefungwa kwenye boksi huko juu darini, nyuma ya matangazo ya biashara ya kampuni. Auguste akawa anavitafuta bila kuuliza, na kila bakuli lake likivunjika ni kilio. Anne ndiye aliyekuwa na mkono wa kuvunja.

Hayo ndiyo yaliyolichekesha darasa. Nyie mnayaonaje?

Bi_Kanga

Mwalimu, mimi nimekulia nyumba ya kupanga Magomeni. Vyumba sita, choo kimoja, jiko uani. Nimewaona watu wazima wenye heshima zao wasisalimiane mwezi mzima kwa sababu ya ndoo. Na sisi mlango ulikuwa wazi! Mama akichoka na jirani anajitanda kanga anaenda kwa shoga yake, akirudi jioni moyo umepoa. Baba anatoka zake barazani. Hao wenzetu wangetoka waende wapi?

Ukimwambia huyo binti habari ya shuka, kwanza mpe picha ya mchana wao. Mimi ndiyo ningependa kuisikia.

Mwalimu_Chaki

Bi Kanga, umenigusa penyewe, kwa sababu nilianza na ugomvi kabla ya mchana. Kosa langu.

Saa mbili na nusu asubuhi wafanyakazi wa ghala walikuwa wanaingia chini. Karibu wote hawakujua kwamba juu yao kuna watu. Kuanzia hapo mpaka saa kumi na moja na nusu jioni, huko juu watu wanatembea na soksi, wanaongea kwa kunong'ona, bomba halifunguliwi, choo hakivutwi maji. Ukikohoa unaziba mdomo kwa mto. Mapazia hayafunguki. Saa sita na nusu wafanyakazi wakienda kula ndipo unapumua kidogo, na wale waliokuwa wakiwasaidia kutoka ofisini wanapanda kuwaona: Miep Gies, Bep Voskuijl, Johannes Kleiman, Victor Kugler. Mlango wenyewe ulifichwa kwa kabati la vitabu lililotengenezwa na baba yake Bep, linafunguka kama mlango.

Usiku ndiyo wanaweza kukaa kwenye viti wakaongea. Na wakiongea, wanaongea yote waliyoyameza tangu asubuhi.

Mzee_wa_Gati

Uzi mzuri, mwalimu. Niruhusu niulize jambo ambalo naona limesahaulika. Sisi sote tunawajua watu hawa kupitia kalamu ya mtoto mmoja. Alikuwa na miaka 13 alipoanza, 15 alipokamatwa. Edith hakuacha shajara. Auguste hakuacha. Daktari wa meno hakuacha. Katika baraza lolote la wazee, ukisikiliza upande mmoja hujasikiliza kesi.

Huyo Pfeffer hasa namwonea uchungu. Anne alimbadilisha jina akamwita Dussel, neno ambalo kwa Kijerumani ni kama kumwita mtu bwege. Dunia nzima ikamjua hivyo. Je, mwanafunzi wako anajua Pfeffer alikuwa nani?

Mwalimu_Chaki

Mzee wangu, shikamoo. Hapo umenishika, kwa sababu hata mimi nilimsimulia kama mzee mkorofi anayekoroma.

Pfeffer alizaliwa 1889, alikuwa na kliniki yake ya meno Berlin. Ndoa yake ilivunjika, akabaki na mtoto wa kiume, Werner. Baada ya ule usiku wa Novemba 1938 ambapo masinagogi yalichomwa moto Ujerumani nzima, alimpeleka mtoto Uingereza, yeye akakimbilia Uholanzi na mwanamke aliyempenda, Charlotte Kaletta. Charlotte alikuwa Mkatoliki. Sheria za Kinazi za mwaka 1935 zilikataza Myahudi kumwoa mtu kama yeye, hivyo waliishi pamoja bila ndoa. Pfeffer alipoingia mafichoni, Charlotte alibaki mji uleule wa Amsterdam bila kuambiwa alipo. Miep alikuwa anawapelekea barua, huku na huku. Ebu fikiria: mtu wa miaka 53, mtoto yuko ng'ambo, mpenzi wake yuko mitaa michache kutoka hapo, hawezi hata kumwona dirishani. Halafu analazwa chumba kimoja chembamba na msichana wa miaka 13 wa watu. Na wale wengine saba walikuwa familia. Yeye peke yake hakuwa na mtu wa kwake humo.

Sasa sikilizeni ugomvi wa meza, kwa sababu huu ndio naona ni moyo wa habari yote. Chumbani kwao kulikuwa na meza moja ndogo. Pfeffer aliitumia karibu siku nzima kwa masomo yake. Julai 1943 Anne akamwomba, kwa adabu kabisa na kwa ruhusa ya baba yake, ampe meza alasiri mbili kwa wiki, saa kumi hadi kumi na moja na nusu. Saa tatu kwa wiki! Pfeffer akakataa. Akamwambia kazi yake yeye ndiyo kazi, kusoma hadithi za miungu na kufuma si kazi. Anne akazuia machozi, akaenda kwa baba. Otto akakaa na Pfeffer zaidi ya nusu saa. Suluhu: Anne apate alasiri mbili, lakini mwisho saa kumi na moja. Pfeffer akanuna siku mbili, na ikifika saa kumi na moja kamili anakuja kukaa mezani ile nusu saa iliyobaki, haki yake.

Msichana alikuwa anaandika kwenye meza ile kitu ambacho leo kinasomwa duniani kote. Pfeffer hakujua. Anne mwenyewe hakujua. Na mimi, mzee wangu, naona wote wawili walikuwa na haki. Pale palikuwa mahali pekee ambapo kila mmoja angeweza kugeuza mgongo akawa peke yake.

Nuru_ya_Asubuhi

Nimesoma nikiwa na binti wa miaka 14 amejifungia chumbani hataki kuongea na mimi, kwa hiyo naomba mnivumilie.

Mimi ugomvi unaoniuma ni wa Anne na mama yake. Kuna jioni moja, Aprili 1943, Anne yuko kitandani anamsubiri baba aje wasali pamoja kama desturi yao. Mama akaingia, akakaa, akamuuliza kwa upole kama leo wasali wao wawili. Mtoto akasema hapana. Mama akasimama, akaenda mlangoni, akageuka, uso umebadilika. Akasema hawezi kumlazimisha ampende. Machozi yakamtoka, akaondoka. Anne akaandika kwamba alijua amefanya ukatili, lakini asingeweza kumjibu vingine.

Sasa mimi najiuliza, yule mama alikwenda kulilia wapi? Nyumba yenye watu wanane, kuta nyembamba. Edith hakuwa hata na mahali pa kulia.

Mwalimu_Chaki

Dada Nuru, Miep Gies alisimulia baadaye kitu ambacho nadhani ni jibu lako. Alisema Edith alikuwa na tabia ya kumsindikiza akiondoka, anashuka naye ngazi mpaka karibu na lile kabati, halafu anasimama tu hasemi kitu, macho yanamwangalia. Mwishowe siku moja wakiwa wawili faraghani, akafunguka. Akamweleza alivyochoshwa na Auguste, na kubwa zaidi, kwamba yeye haoni mwisho wa mambo haya. Wenzake wote mezani walikuwa wakipanga watafanya nini vita ikiisha. Yeye alikuwa haamini kama itawaishia salama, na aliona haya kulisema mbele yao.

Ukijua hilo, ile huzuni ambayo binti yake aliiona kama ubaridi inakuwa kitu kingine. Anne naye alikua. Januari 1944 alirudia kurasa zake za nyuma akashtuka kwa maneno aliyomwandikia mama yake, akajilaumu. Na Otto alipochapisha shajara mwaka 1947, baadhi ya maneno makali juu ya Edith aliyaondoa. Wapo waliomlaumu. Mimi simlaumu, mkewe alikuwa ameshakufa na hana wa kumsemea.

Kijana_wa_Ziwani

Mwalimu na mimi nichangie kidogo. Wengine walijificha pabaya zaidi. Mji wa Lviv, ambao kabla ya vita ulikuwa Poland na sasa ni Ukraine, kundi la Wayahudi lilikaa kwenye mitaro ya maji machafu chini ya mji kwa miezi 14. Aliyewahifadhi ni Leopold Socha, mfanyakazi wa mitaro hiyohiyo, na alianza kwa kulipwa. Pesa zikaisha, akaendelea. Kati yao kulikuwa na watoto wadogo wa familia ya Chiger. Walitoka hai 10 tu mwaka 1944, na walianza wengi zaidi ya hapo. Mwanamke mmoja alijifungua humo, na mtoto hakuishi, kwa sababu kilio cha mtoto kingewaua wote.

Kwa hiyo mtu akiniambia waliojificha walikuwa watakatifu wanaoshikana mikono, nakataa. Na akiniambia walikuwa wabinafsi, nakataa pia.

Bi_Kanga

Kijana, hilo la mtoto nimeshindwa hata kulisoma mara mbili.

Mwalimu, swali langu ni chakula. Nyumbani kwetu ugomvi ulikuwa unaanzia jikoni. Wao walikuwa wanakula nini, na nani anagawa?

Mwalimu_Chaki

Chakula kilitegemea kadi za mgao, na kadi walizipata kwa njia za siri. Mwanzoni hali si mbaya. Walinunua maharage makavu ya akiba, magunia kadhaa. Siku moja Peter anayapandisha darini, gunia moja likapasuka juu ya ngazi, maharage yakamiminika kama mvua ya mawe mpaka yakamzunguka Anne miguuni pale chini. Wakacheka wote. Kwa wiki nyingi, kila anayepanda ngazi anaokota punje anampelekea Auguste. Napenda kumbukumbu hiyo.

Baadaye mambo yakabana. Machi 1944 watu waliokuwa wakiwapatia kadi wakakamatwa. Mei yake akakamatwa muuza mboga wao, naye alikuwa ameficha Wayahudi wawili nyumbani kwake. Ikawa viazi vilivyooza na mboga moja wiki hadi wiki. Hapo ndipo utasikia nani kachota siagi nyingi, nani kajipakulia kwanza, nani kapewa nyama nzuri.

Lakini ugomvi mbaya zaidi, kwa maoni yangu, ulikuwa wa mke na mume. Oktoba 1943 akina van Pels waliishiwa pesa. Auguste alikuwa na koti la manyoya ya sungura, amelivaa miaka 17. Likauzwa gilda 325 za Uholanzi, pesa nyingi. Yeye alitaka zile pesa zikae, vita ikiisha anunue nguo mpya. Mumewe akasema nyumba haina kitu, pesa ziliwe sasa. Anne anaeleza makelele, matusi, miguu ikigongwa sakafuni, na familia yake imesimama chini ya ngazi imeshikilia pumzi.

Nilipokuwa kijana nilimwona Auguste mama wa tamaa. Sasa nimefika umri wake naona vingine. Alikuwa anang'ang'ania kuamini kwamba iko siku atahitaji nguo ya kutokea. Kula zile pesa kulikuwa sawa na kukiri kwamba siku hiyo haipo.

Mzee_wa_Gati

Marahaba, mwalimu. Hilo la koti limenikaa. Nina swali la mwisho kabla sijalala. Ingekuwa heri wasingekaa pamoja? Wengi Uholanzi walitawanyika, baba huku, mtoto kule.

Mwalimu_Chaki

Ni kweli, wengi walifanya hivyo, ilikuwa rahisi zaidi kuficha mtu mmoja kuliko wanane. Uholanzi ilikuwa na Wayahudi wapatao 140,000 na zaidi ya 100,000 waliuawa. Waliojificha ni zaidi ya 25,000, na karibu theluthi yao walikamatwa. Watoto wengi walikabidhiwa kwa familia za Kikristo mashambani wakabadilishwa majina. Vita ilipoisha, kuna mzazi alirudi mtoto asimjue, akamkimbia akajificha nyuma ya mama mlezi. Na kwa yatima kulikuwa na mvutano mkali, wabaki kwa waliowalea au warudishwe kwa Wayahudi. Hao nao waliumia kwa namna yao. Otto Frank alichagua familia yake isitengane. Walichopata ni miezi 25 ya kugombana wakiwa pamoja, na sioni kama Otto aliwahi kujuta.

Wakuu, nimesoma michango yote na nadhani nimepata la kumwambia binti yule. Nitamsimulia kilichofuata, kwa watu walewale waliogombana.

Tarehe 4 Agosti 1944 walikamatwa. Septemba wakapakiwa kwenye treni ya mwisho iliyotoka kambi ya Westerbork, Uholanzi, kwenda Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland. Wanaume wakatenganishwa na wanawake. Manusura waliokuwa na Edith walisimulia kwamba hakuachana na mabinti zake. Anne alipopata upele akawekwa banda la wagonjwa, na Margot akaenda kukaa naye. Edith alichimba ardhi chini ya ukuta wa mbao akawa anawapitishia mkate. Anne yuleyule aliyekataa kusali naye. Mabinti walipohamishiwa kambi ya Bergen-Belsen, Ujerumani, bila yeye, aliendelea kuwawekea mkate. Alikufa tarehe 6 Januari 1945, wiki tatu kabla ya kambi kukombolewa.

Peter, ambaye baba yake aliuawa kwa gesi, alikuwa anamtafutia chakula Otto na kumpelekea. Otto alisema alimsaidia kama mtoto wake wa kumzaa. Peter alifia kambi ya Mauthausen Mei 1945. Pfeffer alishakufa kambi ya Neuengamme Desemba 1944. Charlotte alimsubiri, mwaka 1950 akaandikishwa rasmi kuwa mkewe, mume akiwa marehemu tayari, na miaka yote iliyofuata alimtetea kila alipoonyeshwa kama kichekesho.

Na Auguste. Februari 1945, Bergen-Belsen, kambi imegawanywa kwa uzio uliozibwa kwa nyasi kavu. Upande wa pili alikuwako Hannah Goslar, rafiki wa Anne tangu utotoni Amsterdam. Alisikia kwamba kuna wanawake kutoka Uholanzi ng'ambo ya uzio, akanyatia usiku akaita. Sauti iliyomwitikia ilikuwa ya Auguste van Pels. Hannah akajitambulisha. Auguste akamwambia bila shaka unamtaka Anne, Margot hawezi kuja, anaumwa sana. Kisha mwanamke yule, mwenye njaa kama wenzake, gizani, kwenye baridi, akaenda kumwita mtoto aliyemvunjia mabakuli yake.

Kipindi changu na kidato cha nne ni Jumatatu saa nne. Nitaanzia hapo kwenye uzio.